Mlio wa Goti

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Kwa sisi wapaka rangi, ikianza mvua kuta za nje hutuaga, tukabaki kujifungia kwenye vyumba vya watu na harufu ya rangi. Shemeji anasema kazi za ndani zitatusogeza mpaka jua lirudi. Mimi nina jioni ndefu na jambo ambalo sina wa kumwambia, ndiyo maana nimeanza kuandika.

Goti langu la kushoto si langu. Mwaka jana walinikuta na saratani kwenye mfupa wa paja, pale chini unapokutana na goti. Zamani mtu kama mimi alikatwa mguu na hadithi ikaishia hapo, kwa sababu goti la chuma linaloagizwa nje lina bei ya nyumba na kiwanja chake. Lakini katika chuo cha ufundi cha mjini kuna mama mmoja mhandisi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichonga magoti kwenye karakana ileile wanafunzi wanapojifunzia kuchonga gia, ili yapatikane kwa bei ambayo hospitali yetu inaweza kuibeba. Wa kwanza kuwekewa alitembea miezi michache, kisha saratani ikamfuata mapafuni. Wa pili alihama na simu yake haipatikani. Wa tatu ni mimi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama goti la bei nafuu linafanya kazi, ananitazama mimi ninavyotembea. Wodini wameniita Mheshimiwa Goti, nami sikulikataa jina.

Masharti niliyopewa ni mepesi: nisikimbie, nisibebe mizigo, nisipande ngazi ya mbao.

Juzi Jumamosi tulikuwa sebuleni kwa mteja. Akauliza nani atapaka dari. Shemeji, ambaye ni mume wa dada yangu na ndiye aliyenifundisha kazi hii, akajibu bila kunitazama, "Huyu sasa ni wa chini tu." Akimaanisha kuta za chini na milango. Neno lile likanichoma. Alipotoka kwenda kununua tepu, nikaisimamisha ngazi nikapanda, nikapaka mkanda mzima wa dari kwa brashi. Nilikuwa na raha kama mtoto aliyeiba sukari. Nikiwa nashuka, goti likasema: tak.

Shemeji aliporudi aliitazama dari, akanitazama mimi. Nikamwambia nimetumia roli la mpini mrefu. Akafungua tepu, akaendelea na kazi. Huyu mtu ananilisha na kunilaza, lakini neno la kunipendeza halijawahi kumtoka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Halilii nikipanda, linalia nikishuka. Tak.

Jumatatu, 10 Machi

Kliniki. Daktari wa mifupa aliniuliza maswali yake yote kwa sauti ileile ya mtu anayelipia kila neno, nami nikajibu hapana kwa yote. Wote wodini wanamwogopa. Nasikia anapenda kukata kuliko kuunga, ingawa sijui aliyesema hivyo alikatwa nini.

Kisha akaja Mhandisi. Haji kama wakubwa wengine wanaosimama mlangoni. Ni mwanamke mfupi, kucha zake zina grisi isiyotoka, na kila kliniki hupiga magoti sakafuni mbele ya kitanda, akaukunja mguu wangu na kuukunjua huku amefumba macho. Nikiwa nimelala halilii. Linalia tu likibeba uzito wangu. Akaniuliza kama linalia, kama linacheza, kama linauma nikishuka.

"Niambie hata kitu kidogo," akasema. "Hasa kidogo."

"Hakuna, mama. Nimeshasahau kama si langu."

Akacheka kwa furaha. Kicheko kile nimekuja nacho mpaka nyumbani.

Nilifikiri hivi: picha yangu ya eksirei ni mwezi wa tano. Kabla ya hapo huenda goti litatulia lenyewe. Nikisema sasa, wataniuliza lilianza lini, na jibu ni ngazi. Mwisho wa mwezi wanakuja wakaguzi kuamua kama wagonjwa wengine wawekewe. Mtu mmoja asiyeweza kufuata sharti jepesi hana haki ya kuharibu kazi ya watu wote.

Kwenye ukumbi wa kusubiria nilimwona Msusi. Ni msichana mwenye saluni yake, ana uvimbe pale palipokuwa na wangu, na dawa za saratani zimempukutisha nywele zote. Alikuwa amemkalisha nesi mmoja chini anamsuka. "Msusi asiye na nywele," akaniambia, "ni kama mpishi mwenye njaa. Usimwamini, lakini kazi anaijua."

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Tumepaka korido ya ofisi. Korido haina ngazi, namshukuru Mungu.

Jumatano, 19 Machi

Leo nilipitia wodini kuchukua dawa, Msusi akaniita. Mama yake alikuwa pembeni anakunja nguo. Daktari amempa njia mbili achague: akatwe mguu, jambo ambalo limezoeleka na mwisho wake unajulikana, au awekewe goti la nne. Anatakiwa kujibu kabla ya dozi inayofuata kwisha.

"Nisikilize, Mheshimiwa Goti," akasema. "Daktari ananiambia ya vitabuni. Mhandisi ananisifia mtoto wake, na nani husema mwanawe mbaya? Wewe huna unachouza. Niambie kweli. Goti ni zima?"

"Zima."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Haikunichukua hata muda wa kufukuza mbu. Akamgeukia mama yake, akamwambia, "Umesikia?" Mama yake akaacha kukunja nguo, akanitazama kama watu wanavyomtazama aliyewaletea habari njema kutoka safarini.

Alhamisi, 27 Machi

Wakaguzi wamekuja. Walikuwa wanne, na wote walivaa viatu vilivyolowa, maana barabara ya hospitali imegeuka mto.

Mpango ulikuwa nitembee korido nzima, nipande ngazi za zege mpaka ghorofa ya kwanza, kisha nishuke. Kupanda hakukunipa shida. Nilipogeuka kushuka niliwaona wote wamesimama chini wakinitazama mguu: Daktari, Mhandisi, Kocha anayetufanyisha mazoezi, na wakaguzi wanne. Mvua ilikuwa inapiga bati la jengo la pembeni kwa kishindo, na mimi, Mungu anisamehe, niliishukuru. Palipopungua kelele nilikohoa. Kila hatua, kikohozi. Mkaguzi mmoja mwanamke aliniuliza kama nina mafua. Nikasema ni vumbi la rangi, akaniambia nivae barakoa kazini.

Wakapiga makofi. Wamekubali: Msusi awekewe, kisha kundi la wagonjwa ishirini. Daktari akanipa mkono kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, mkono mkubwa na mkavu. Mhandisi sikumwona. Nilimkuta baadaye nyuma ya kabati la magongo, anafuta machozi kwa kitambaa chenye grisi na kujipaka weusi uso mzima.

Dada alikuwa ameshautangazia mtaa. Nilipofika nyumbani majirani walinisimamisha nje kwenye manyunyu nitembee mbele yao. Nikatembea.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi goti lilinitupa. Si mlio tu. Kwa nukta moja mguu haukuwepo, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi za nje za nyumba. Dada akatoka mbio. Nikasema nimeteleza, ngazi zimelowa.

Niliporudi jioni nikamkuta shemeji amepiga magoti kwenye ngazi zile chini ya turubai, anazipaka sementi upya na kuichorachora kwa ncha ya mwiko ili ishike mguu. Mgongo wake wote ulikuwa umelowa. "Hapa hutateleza tena," akasema, akaendelea na kazi.

Nilimshikia turubai mpaka akamaliza. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Dada alikuwa anasimulia habari za jirani aliyeficha uvimbe mpaka ukampasukia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akanimiminia chai. Chai ilikuwa nzuri. Nilishindwa kuimaliza.

Jumanne, 8 Aprili

Msusi anaenda chumba cha upasuaji keshokutwa. Leo nilipiga moyo konde, nikaenda kumwambia.

Nilimkuta amekaa kitandani mguu umenyooshwa, amepaka rangi kucha za mguu ule mgonjwa. Akaniambia alikuwa ameshaandaa maneno ya kuuaga, kama mtu anavyomuaga rafiki anayehama, na sasa inabidi ayafute. Mama yake akanishika mikono yote miwili. Akasema alikuwa hapati usingizi, na tangu siku ile niliposema goti ni zima, ameanza kulala.

"Kuna jambo nataka nikwambie," nikamwambia Msusi.

"Sema."

Hakuna aliyeingia, wala simu haikuita. Nilikuwa na nafasi yote duniani. Nikasema, "Uwe unafanya mazoezi kila siku. Kocha akikuambia pumzika, ongeza kidogo."

Njiani nilijitetea kama wakili. Nikisema sasa, watasimamisha kila kitu, na keshokutwa atakatwa. Mguu unaolia si bora kuliko kukosa mguu? Hoja nzuri. Nimeigeuza huku na huku, nimeiona ina tundu moja tu: ilikuwa haki ya Msusi kuipima, si yangu. Na nyuma ya hoja hiyo nilikuwa nimejificha mimi na ngazi yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Upasuaji umeenda vizuri. Mvua haikukatika mchana kutwa.

Jumapili, 13 Aprili

Amesimama. Kocha alimshika upande mmoja, mama yake upande wa pili. Akanyoosha kidole kwangu akasema, "Huyu ndiye mwalimu wangu." Manesi wote wakacheka. Nilicheka nao.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Jioni goti hujaa maji. Nasema ni baridi.

Jumatatu, 21 Aprili

Msusi anatembea na magongo kutoka kitandani mpaka dirishani. Kocha anasema hajawahi kuona mgonjwa anayependa mazoezi namna ile.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo limekwisha.

Tulikuwa tunapaka vyumba vya nyumba ya wageni. Nilibeba kopo la rangi nyeupe, kopo dogo tu, nikageuka kumwita shemeji. Mguu wangu ukajikunja kwa pembeni. Goti la mtu halijikunji kwa pembeni. Nikaanguka, rangi ikanimwagikia kuanzia kifuani mpaka miguuni, na niliona paja langu linaelekea huku na muundi unaelekea kule.

Shemeji hakupiga kelele. Alinifunga mguu kwa mbao mbili na tepu ya kazini, akanibeba mgongoni mpaka barabarani, mimi mrefu kuliko yeye, rangi inatuchuruzika wote wawili. Tulipopata gari, akanilaza kiti cha nyuma, kichwa changu mapajani mwake. Hapo nikamwambia. Nilimwambia ngazi, mlio, wakaguzi, zile ngazi alizozipaka sementi bure, na Msusi. Maneno yalinitoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Nilijua ulipanda," akasema.

"Ulijuaje?"

"Roli haliachi alama za brashi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alifuta rangi kwenye nyusi zangu kwa kidole gumba. "Nilidhani kunyamaza ni kukusitiri," akasema. "Na siku ile nilimwambia mteja wewe ni wa chini ili asikuombe upande. Ningekwambia na wewe, tungeepukana na haya yote."

Kwa muda wote niliokaa kwake nilimdhania kwamba ananihesabu kama mzigo. Leo amenibeba kweli, na hakuonekana kama mtu aliyebeba mzigo.

"Jumatatu wakianza kuuliza, nitakuwepo," akasema. "Lakini utasema wewe."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimesema.

Picha ilikuwa imebandikwa kwenye kioo chenye taa. Daktari alisimama upande mmoja, Mhandisi upande wa pili, shemeji mlangoni na kofia yake mkononi. Hata mimi nisiyejua kusoma picha niliona. Goti hili ni kama bawaba ya mlango: vipande viwili, na katikati pini nene inayovishikanisha. Pini inazuiwa isitoke na klipu ndogo. Kwenye picha, pini ilikuwa imetoka nje zaidi ya nusu.

"Ilianza lini?" Daktari akauliza.

Nikamwambia tangu mwanzo wa Machi. Nikamwambia habari ya ngazi, na kikohozi changu mbele ya wakaguzi. Nilitarajia anitukane. Alivua miwani yake, akaishika tu.

Mhandisi alikuwa bado anatazama picha. Akasema ngazi haikufanya hivi. Pini haitoki kwa siku moja; hutoka kidogo kidogo kila mguu unapokunjwa, kama pini ya bawaba inavyopanda kwenye mlango unaofunguliwa kila siku. Klipu ni dhaifu. Aliibuni yeye, na aliipunguza ili iwe rahisi kuchongwa. "Kosa ni langu," akasema. "Ngazi ilikufanya ulisikie mapema, basi."

Nilidhani naficha kosa langu. Kumbe nilikuwa nimekalia kosa lao, na wao wanazunguka wakilitafuta.

Kisha akanigeukia. Sijawahi kumwona mtu amechoka vile. "Kila kliniki nilikupigia magoti," akasema. "Nilikuwa nauliza hicho kitu kimoja."

Daktari alishafungua mlango. Alimwambia nesi Msusi apigwe picha sasa hivi, na asikanyage chini kabla ya picha kuja. Tulingoja mpaka ikaletwa. Pini yake imeanza kutoka. Mazoezi yale yote.

Haiwezi kungoja apone. Ikitoka nzima inaweza kukata mshipa mkubwa ulio nyuma ya goti. Itabidi afunguliwe tena, na kidonda cha kwanza hakijakauka, na damu yake bado iko chini kwa sababu ya dawa.

Jumamosi, 3 Mei

Mimi nilitangulizwa wakati Msusi anaongezewa damu, nimewekewa klipu mpya yenye kufuli mbili. Mhandisi na wanafunzi wake waliichonga ndani ya siku chache. Siku chache tu. Ndizo nilizomnyima Msusi.

Wakaguzi wamesimamisha kundi la ishirini mpaka klipu mpya ijaribiwe kwenye mashine. Kwenye kitanda jirani na changu kuna kijana mchukuzi wa sokoni, alikuwa kwenye hilo kundi. Uvimbe wake hauna subira. Kesho wanamkata. Ameniuliza kama najua kucheza karata.

Jumapili, 4 Mei

Nilimwomba shemeji anisukume kwa kiti cha magurudumu mpaka wodi ya wanawake.

Msusi alikuwa ameshaambiwa habari ya pini. Hakuwa ameambiwa habari yangu. Kumbe Daktari, niliyemdhania hana moyo, aliniachia niseme mwenyewe.

Niliingia na hotuba yangu. Hakunipa nafasi.

"Siku ile nilipokuuliza," akasema, "lilikuwa linalia?"

"Lilikuwa linalia."

"Na ulipokuja ile Jumanne, nimepaka kucha rangi?"

"Lilikuwa linalia."

"Ulikuja kuniambia."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nifanye mazoezi."

Mama yake alisimama, akaenda kusimama akitazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Msusi hakulia. Alinitazama kwa makini, kama anatafuta kitu kwenye uso wangu na hakioni.

"Ungeniambia, labda ningelichagua hivyohivyo," akasema. "Mimi nilikuwa naupenda mguu wangu. Lakini ningekuwa nimechagua mimi. Nenda."

Shemeji akageuza kiti.

Jumanne, 6 Mei

Amefunguliwa. Klipu imebadilishwa. Mvua kubwa.

Jumatatu, 12 Mei

Ana homa. Kidonda kimeingiwa na vijidudu. Dawa za saratani, ambazo zilitakiwa kuendelea, zimesitishwa, maana zikiingia sasa mwili hautakuwa na cha kupigania. Kwa hiyo kidonda kinangojewa, na saratani, kama imebaki mahali, haingoji.

Alhamisi, 15 Mei

Homa ileile.

Jumanne, 20 Mei

Wamemrudisha chumba cha upasuaji kusafisha kidonda mara nyingine. Wamesema kisipotulia, mguu utaondoka.

Nimesharuhusiwa, natembea na gongo. Dada nilimwambia yote siku ile nilipotoka hospitali. Hakunigombeza. Alienda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Siku ya pili yake alitoka na mashuka yaliyopigwa pasi, akaenda kukaa na mama wa Msusi, na tangu hapo wanapokezana zamu. Mtaani hasemi tena habari ya goti langu. Akiulizwa, anasema, "Muulizeni mwenyewe." Watu wameniuliza. Nimewajibu wote. Si kazi nyepesi, na haijanipunguzia kitu.

Ijumaa, 23 Mei

Nilimsubiri Daktari kwenye korido mpaka akatoka chumba cha upasuaji. Nikamuuliza: kuchelewa huku kwa dawa, kutamdhuru?

"Sijui," akasema.

Nikamwomba aniambie lolote. Hata kukisia.

Alikaa kwenye benchi pembeni yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa. "Huenda hakutamdhuru hata kidogo. Huenda kutamdhuru, na tukajua mwakani. Na hata saratani ikirudi, hakuna atakayeweza kusema ni kwa sababu ya majuma haya. Ungependa nikwambie hakuna shida. Nikisema hivyo nitakuwa nimefanya ulichofanya wewe."

Akanigusa bega, akaondoka. Sasa najua kwa nini anasema maneno machache.

Ijumaa, 30 Mei

Homa imeshuka na imebaki chini. Mguu unabaki. Dada alikuja na habari hizo anakimbia, khanga mkononi, hakuna mvua. Sikujua nicheke au nifanye nini. Nilikwenda nje nikamsaidia shemeji kuchuja rangi.

Alhamisi, 5 Juni

Jua. Shemeji amepata kuta za nje za shule. Mimi nachanganya rangi na kupaka milango. Mimi ni wa chini, na hainichomi.

Mhandisi alinipigia simu. Mashine inaizungusha klipu mpya mchana na usiku na bado imeshika. Ameomba nije karakana nitembee mbele ya wanafunzi wake na kuwaeleza mlio ulivyoanza, siku hadi siku, bila kuacha kitu. Nikamuuliza kama hana hasira na mimi. Akasema anayo, nije saa tatu.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Msusi. Yuko nyumbani, dawa zinaanza tena Ijumaa, atakuwa anakwenda na kurudi. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Mama yake alinifungulia mlango, akanipisha bila salamu.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi njiani na nikautoa wote, kwa ufupi, bila kujitetea.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi sina nguvu ya kukusamehe sasa hivi," akasema. "Ni kazi kubwa, na nina dawa za kumaliza. Usinilazimishe kuifanya ili wewe ulale."

Nikasema nimeelewa, nikainuka.

"Kaa," akasema. "Mama yangu ana mgongo, hawezi kunishusha kwenye gari. Dada yako ana nyumba yake. Siku za dripu uje wewe. Usiniletee matunda, na usinisemeshe."

Ijumaa, 13 Juni

Nilifika mapema. Nilimshusha ngazi zao taratibu, mkono wake begani kwangu, wawili wenye magoti ya karakana moja. Hakusema neno, nami sikusema.

Chumba cha dripu kina viti virefu na madirisha yanayotazama ua. Alifumba macho mara tu sindano ilipoingia. Mimi nikakaa kwenye stuli. Kila baada ya muda niliitazama chupa, nikamtazama yeye, nikautazama mguu wake uliolala juu ya mto na kovu lake refu lililofunguliwa na kushonwa kupita kiasi.

Nesi wa zamu alikuwa mgeni, hakutufahamu. Akaja akaniambia kwa upole kwamba humu wanaruhusiwa ndugu tu, wengine wangoje nje. Akauliza mimi ni nani wake.

Nikayapima majina yote. Si kaka yake, si mchumba wake, na rafiki sina haki ya kusema.

Msusi hakufumbua macho.

"Ni yule aliyenidanganya," akasema. "Mwache akae."